Unyayo kwenye Karatasi

Winnipeg, tarehe 12 Januari 2025

Mdogo wangu Virginie,

Salamu kutoka kwenye mji ambao maji ya kufulia ukiyamwaga nje yanakuwa jiwe kabla hujamaliza kulalamika. Mimi ni mzima. Najua utacheka kuona barua ya mkono wakati Jumapili tumeongea kwa simu mpaka ikakatika, lakini ni avoka wangu, huyo wakili wa viza, aliyeagiza. Anasema watu wa viza wanataka karatasi, kitu cha kuonyesha kwamba mimi na mtoto wangu hatukuachana kwa miaka hii yote. Basi tuandikiane kama zamani. Yule mchuuzi Zacharie akienda Kampala kununua vitenge, mpe bahasha aiposti kule.

Habari yenyewe ni hii, kaa chini kwanza. Dosye ya mwanangu Jokébed, faili lake la viza, imeamka! Tangu niiweke, mara cheti cha kuzaliwa hakisomeki, mara picha ni ya zamani, mara kimya mwaka mzima. Sasa wameandika kwamba limebaki jambo moja tu, kipimo cha ADN, cha vinasaba. Usiogope jina. Daktari wa Kampala atapitisha pamba ndani ya shavu la mtoto, mimi nitapitishiwa yangu huku, kisha watalinganisha. Wakiona ni damu yangu, viza inatoka. Siku ni tarehe 26 Machi.

Unakumbuka nilimtuma kwako Mangina akae wiki moja tu, akiwa na miaka mitano. Katika wiki hiyo ndipo walipomuua mume wangu Kamate pale Eringeti, nikakimbia hadi Uganda na kitenge kimoja. Wiki moja imekuwa miaka kumi. Hata ulipomzika Jemima wako wakati wa Ebola, wangu hukumwacha. Mimi yaya wako, dada mkubwa, sijui nikushukuru kwa mdomo gani.

Usisahau karatasi ya mguu ya kila mwaka, ya kumpimia viatu. Asimame wima, asikunje vidole, uzungushe kalamu polepole. Mwaka huu sinunui viatu vya shule, nanunua buti za theluji.

Yaya wako,
Emérence


Butembo, tarehe 2 Februari 2025

Yaya Emérence,

Barua yako imefika ikinuka vitenge vipya. Nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa sokoni wateja wakiniita, nusura jirani aniuzie maharagwe yangu. Karatasi ya mguu ni hii. Mtoto alicheka, ndiyo maana mstari umepinda kwenye kidole kidogo.

Hii usimwonyeshe avoka. Ni maneno ya dada kwa dada.

Kwa nini lazima tupite njia ya pamba? Barabara ya Beni mpaka Kasindi unaijua, magari yanangojana yaende kwa msafara, na bado wengine hawafiki. Nimpitishe mtoto huko kwa ajili ya mate? Mimi nimeuliza watu wanaojua. Kuna viza ya masomo: anamaliza sekondari mwaka ujao, shule ya huko inaandika kwamba imemkubali, anaondoka na daftari zake, hakuna wa kumkwangua shavu. Kuna viza ya matembezi: anakuja kukusalimia mwezi mmoja, mengine Mungu atajua. Kuna hata viza ya kwaya! Wasichana wa parokia moja walialikwa kuimba Ulaya. Mtoto anaimba kama mlango usiotiwa mafuta, lakini akiwekwa nyuma ya wanene hataonekana wala kusikika.

Na hiyo mashine, nani anaijua? Nimesikia mtu wa Alimbongo alipimwa na baba yake mzazi, wakaambiwa hawajuani. Mashine nayo inachoka. Ikikosea kwetu, tutamlilia nani?

Siku ya wafu, Novemba, tulikwenda Mangina kusafisha kaburi. Msalaba umeanza kuoza chini, lakini jina la Jemima bado linasomeka. Mtoto alisimama mbele yake akalitazama muda mrefu. Siku hizi anatazama vitu hivyo.

Yaya, fikiria viza ya masomo.

Mdogo wako,
Virginie


Winnipeg, tarehe 20 Februari 2025

Virginie,

Nimempelekea avoka maswali yako bila kumwonyesha barua. Alinisikiliza kwa upole wote, akayaua moja baada ya jingine. Viza ya masomo wanataka waamini kwamba mwanafunzi atarudi kwao akimaliza. Nani ataamini, wakati dosye ya miaka mitano inasema anataka kuishi na mama yake daima? Ya matembezi ni hivyo hivyo. Ya kwaya sikuithubutu, niliogopa angenifukuza. Anasema mlango wa mtoto kwa mama yake ndio mpana kuliko yote, na sisi tumesimama mbele yake tukitafuta dirisha.

Lakini nani amekuambia Jokébed anaimba vibaya? Akiwa na miaka minne alikuwa akiimba kanisani Eringeti, watu wanageuka kumtafuta. Labda sauti imemharibikia kwa aibu ya ujana. Nitamfundisha upya.

Nadhani nimekuelewa, mdogo wangu, na nimelia kwa ajili yako. Sikuwa nimefikiri. Mume wako Sikuli naye walimuua shambani, Jemima ukamzika, ukabaki na huyu mmoja, na huyu naye nataka kumchukua. Unaogopa nyumba tupu. Sema hivyo tu! Nikishampokea, tutaanza kukutafutia njia wewe pia. Mwaka jana niliapa kuwa raia wa hapa, nikapewa bendera ndogo kama ya keki, kwa hiyo neno langu limepata uzito kidogo.

Tarehe 26 Machi, Kampala. Ondokeni Butembo siku nne kabla. Nimeshanunua buti.

Yaya wako,
Emérence


Butembo, tarehe 9 Machi 2025

Yaya,

Usiendelee kusoma ukiwa umesimama.

Usitungojee, sisi hatusafiri. Pamba itasema kwamba mtoto huyu si wako, na itakuwa imesema kweli. Huyu ni Jemima. Ni Jemima wangu, niliyemzaa mimi. Aliyelala Mangina chini ya ule msalaba ni Jokébed.

Nimeandika. Sikujua kama mkono ungekubali.

Agosti 2018, Ebola ilipotokea kwetu, Jokébed alishikwa na homa. Wewe ulikuwa kambini Uganda na Kanada walikuwa wamekuita mahojiano. Ulikuwa umesema mtoto abaki kwangu na shule yake, kambini kuna njaa, mkipata Kanada mtaondoka pamoja. Na pale Mangina watu walikuwa wakisema kwamba jina likishaingia kwenye orodha ya wagonjwa wa Ebola, halivuki tena mpaka wowote, linakwenda kwenye mashine za dunia nzima. Niliamini. Nani asingeamini siku zile? Tulipofika kwenye kituo cha wagonjwa, kwenye ule wavu wa rangi ya machungwa, kijana mwenye daftari aliniuliza:

"Jina ya mutoto ni nani?"

"Jemima."

"Weye njo mama yake?"

"Njo mimi."

Ni hivyo tu, Yaya, nikasema mimi ndiye mama yake. Nilitaka kulinda viza yako. Nilisema atapona, atatoka, jina la Ebola litabaki kwa wangu ambaye hana safari. Wangu nilimwandikisha kama Jokébed, aliyekaa karibu na mgonjwa. Siku ya nne wakaniambia Jemima amefariki. Watu wa mavazi meupe walimzika, mimi nimesimama mbali, na msalaba walikuja nao umeshaandikwa.

Nilikupigia nikuambie. Nakuapia kwa Sikuli, nilipiga ili nikuambie. Ulipokea ukipiga vigelegele kwa habari ya Kanada: "Batukubali! Na Jokébed bamemuandika!" Mdomo wangu ukafunguka, ukasema Jemima amekufa. Ulinililia mtoto wangu aliye hai, nami nikakuacha ulie.

Walipotuachilia kutoka karantini tulipanda gari kwenda Butembo, ambako hakuna aliyetujua. Njiani, pale Beni magari yaliposimama, nilimwambia mtoto jina lake jipya. Alikuwa na miaka kumi. Aliuliza kama na yeye ataniita mama mdogo kama Jokébed. Nilisema ndiyo. Mpaka leo mbele za watu ananiita hivyo.

Kila mwaka nilisema nitakuambia mwaka huu. Kisha viatu vinafika.

Virginie


Winnipeg, tarehe 8 Juni 2025

Virginie,

Simu zako nimeziona zote. Usipige.

Nilimwambia avoka ukweli, naye akaufikisha. Dosye imefungwa. Ningekaa kimya na kukosa siku ya Kampala, wangedhani ni vita, lakini sikutaka jina lake liendelee kutembea maofisini wakati yeye hatembei.

Nina karatasi kumi na moja za miguu. Hata kambini nilikuwa nikizitumia kumtafutia viatu vya mitumba. Nimezipanga kwenye sakafu ya jikoni kwa miaka. Nne za kwanza ni mguu wa Kamate, mpana mbele, kidole gumba kimejitenga na wenzake. Ya 2019 ni mguu mwembamba na kidole cha pili ni kirefu kuliko gumba. Ni mguu wa mama yetu. Ni mguu wako.

Niliona, Virginie. Niliona siku ile ile nilipofungua bahasha. Niliiweka juu ya ile ya mwaka uliotangulia, nikaishikilia dirishani, nikasema: amekua. Nikaenda kununua viatu. Mwaka uliofuata sikuzilinganisha, na mwaka uliofuata pia, na sikujiuliza kwa nini. Kwa hiyo uongo huo hukuubeba peke yako, na hilo ndilo linalonifanya nishindwe kukutukana kama nilivyotaka.

Wanangu sasa ni wangapi hata sijui. Yule wa kwenye simu niliyemwona akikua, akinionyesha ripoti zake za shule, nimlilie au nimfiche?

Nina swali moja tu, jibu hilo tu. Alipokuwa kule ndani ya wavu, aliniita?

Emérence


Butembo, tarehe 29 Juni 2025

Yaya,

Ningeweza kuandika neno moja, ungepumzika. Lakini nimekulaza kwa uongo miaka saba, nimechoka.

Muuguzi mmoja aliniruhusu kusimama kwenye wavu asubuhi na jioni. Walikuwa wamemlaza karibu na upande wenye plastiki ya kuonea, tunaonana. Wauguzi walikuwa wakimwita Jemima, kwa sababu ndivyo daftari lilivyosema. Hakuitika. Siku ya pili muuguzi alinijia na yale macho yaliyofungiwa kwenye miwani, akaniambia:

"Mama, homa inamupanda ku kichwa. Anakataa hata jina yake. Anasema: mimi hapana Jemima, mimi Jokébed."

Unaelewa nilichofanya? Ningesema pale pale, kijana, futa, nilikosea. Nilikaribia wavu nikamwambia mtoto kwa sauti:

"Itika tu, mama. Bakikuita Jemima, itika. Utapona, tutarudia nyumbani."

Alinitazama. Alikuwa mtoto mtiifu, unamjua. Kuanzia hapo aliitika.

Ndiyo, alikuita. Tangu ukimbie alikuwa na mama wawili, mimi mama mdogo, Mama ya Mangina, wewe Mama ya Eringeti. Siku ya tatu aliuliza: "Mama ya Eringeti atakuya lini?" Nikamwambia kesho. Baadaye aliimba kidogo, ule wimbo wa kanisani kwenu, na wagonjwa wengine wakanyamaza. Kesho yake hakuwepo.

Sasa unajua yote ninayoyajua. Mimi nimekuwa nikiishi na hilo neno itika. Nikimwita Jemima wangu kula kwa jina la mwenzake, naye akiitika, nasikia wawili. Kikombe chake cha kijani bado tunacho, hakuna anayekinywea wala anayekitupa. Jemima aliniambia mwaka jana: mimi nikitimiza miaka, tunatimiza wote wawili, yeye ananitangulia kila mahali na viatu ni vyake.

Niadhibu utakavyo. Lakini huyu hakufanya lolote. Ana miaka kumi na saba, huku kila wiki tunasikia watu wamechinjwa mashambani, na nilimnyima jina lake, sasa hana chochote. Kama kuna mlango wowote uliobaki kwa ajili yake, muulize avoka.

Virginie


Winnipeg, tarehe 20 Julai 2025

Virginie,

Nimemuuliza.

Mpwa si mtoto. Mtu wa huku hawezi kumwita mpwa wake, hata akimpenda vipi, ila katika hali moja: mpwa huyo awe ni wa damu, hajaolewa, hajafika miaka kumi na minane, na baba na mama yake wote wawili wamekufa.

Jemima atatimiza kumi na minane tarehe 20 Novemba. Baba yake alikufa.

Umebaki wewe tu.

Emérence


Butembo, tarehe 17 Agosti 2025

Mama Emérence,

Mimi ni Jemima. Ninakuandikia kwa jina langu kwa mara ya kwanza, na kalamu inasita kidogo, kama mtu anayerudi kwenye nyumba aliyohama. Barua ninazokuandikia tangu nina miaka kumi, zile za "mama mpendwa, hapa mvua inanyesha", ziweke pembeni. Zilikuwa za kweli kuhusu mvua.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine. Usishtuke. Ni cheti cha kifo cha mama yangu. Yeye yuko hapa mlangoni, anachambua maharagwe na kugombana na kuku wa jirani.

Niliikuta chini ya godoro nikitandika kitanda. Kuna mtu sokoni anatengeneza karatasi, huyo huyo aliyekuwa akimfundisha viza. Nilimpelekea mama, nikamuuliza:

"Hii nini?"

"Karatasi tu."

"Yaani weye ulikufa tarehe mbili ya mwezi wa sita?"

"Ndiyo. Malaria."

"Mama, siku hiyo ulinipiga na mwiko juu ya chumvi."

Hakucheka. Alikuwa ameshapanga yote. Mimi ningefufuka niwe Jemima tena, yeye angekufa, mimi ningekuwa yatima mzuri mwenye viza, na yeye angehamia Lubero ambako hakuna anayemjua, asinipigie simu tena kamwe, asije akaonekana anaishi. Alinieleza hayo kama mtu anayeeleza mapishi. Aliniambia Yaya ametoa njia.

Mama Emérence, sijui kama uliitoa kweli au ulitaka tu imuume. Kama ulitaka imuume, ilimuuma. Lakini yeye ni mtu wa kutii karatasi. Alimuua mtoto wake kwa karatasi ili kulinda safari ya wako, sasa alikuwa anajiua kwa karatasi ili kulinda safari yangu. Mkiendelea hivi, familia hii itaisha yote na hakuna aliyeumwa.

Nimekataa. Nataka kuondoka huku, sikufichi. Ninaogopa, kila mtu anaogopa. Nitamaliza shule, nitatafuta njia kwa jina langu hata ikichukua miaka kumi, na ikikosekana nitakaa. Lakini siwezi kuwa hai mara ya pili kwa kifo cha mtu mwingine. Mara ya kwanza inanitosha.

Unajua ninachoona kila Novemba? Ninasimama mbele ya kaburi, na juu yake kuna jina langu. Watu wasiotujua wanampa mama pole na mimi nimesimama hapo hapo. Halafu namfikiria Jokébed chini, anaitwa mimi, na hawezi kukataa. Tulikuwa tukilala kitanda kimoja. Alikuwa ananiomba nimsimulie hadithi, nikichoka ananiimbia yeye. Ninamwonea haya.

Nyuma ya ukurasa huu nimechora mguu wangu. Mimi mwenyewe, bila kuzungushiwa na mtu. Katikati nimeandika jina. Si kwa ajili ya viatu.

Cheti kichane wewe, mimi nimeshindwa. Kina jina lake.

Jemima


Winnipeg, tarehe 7 Septemba 2025

Jemima mwanangu, na Virginie, someni pamoja,

Nimekichana. Nilikichana vipande vidogo mpaka jina halikusomeka, nikavitupa kwenye mapipa mawili tofauti, maana karatasi za ukoo wetu siziamini tena.

Jemima, ulikuwa sahihi. Nilitaka imuume. Niliandika mistari ile nikijua kila neno litakakotua, nikaenda kuiposti kwa miguu yangu nikiwa nimevaa nguo za kanisani. Virginie, nisamehe. Uliniulizia mlango wa mtoto wako, nikakuonyesha kaburi lako. Sijakusamehe wewe bado, sitasema uongo. Siku nyingine naamka nimekusamehe, hadi saa ya chai msamaha umeshaondoka. Lakini nakutaka uwe hai. Nakutaka hai unigombanie, unichoshe, uniambie habari za kuku wa jirani.

Nimeamua kuja. Nataka kufika Mangina kabla ya siku ya wafu, na nataka msalaba ubadilishwe nikiwa nimesimama pale. Nilidhani nitanunua tikiti tu. Kumbe tangu niape na ile bendera ya keki, mimi ni mgeni kwetu. Mimi niliyezaliwa Eringeti ninahitaji viza ya kuingia Kongo! Nilicheka peke yangu kwenye ofisi ya watu, nikacheka mpaka mlinzi akaniletea maji.

Fomu iko mbele yangu. Nimeandika majina, tarehe, kazi. Nimekwama kwenye mistari miwili. Mmoja unauliza sababu ya safari. Mwingine unauliza jina na anwani ya mtu ninayemtembelea. Nimeuacha mtupu siku nne.

Wanataka pia barua ya mwaliko kutoka kwa mtu wa huko atakayenipokea, iliyosainiwa mbele ya shahidi. Virginie, iandike wewe. Ulianza na jina ulilolitaja mbele ya daftari. Sasa litaje lililo la kweli.

Zile buti za theluji ninazo bado. Ni namba ya Jemima. Nitakuja nazo, hata kama Butembo hakuna theluji, atavaa wakati wa matope.

Emérence


Butembo, tarehe 28 Septemba 2025

BARUA YA MWALIKO

Mimi niliyetia sahihi hapa chini, Virginie Lusenge, muuza maharagwe, mkaaji wa Butembo, ninamwalika dada yangu wa tumbo moja, Emérence Lusenge, mkaaji wa Winnipeg, Kanada, aje akae kwangu muda wa siku thelathini. Chakula na malazi ni juu yangu. Nitampokea mpakani Kasindi mimi mwenyewe.

Mtu anayemtembelea: binti yake, Jokébed Kamate, aliyezaliwa Eringeti tarehe 14 Machi 2009.

Anwani: makaburi ya Mangina, mstari wa tatu kutoka njiani, chini ya msalaba wenye jina lisilo lake. Jina hilo nililitoa mimi tarehe 15 Agosti 2018, nikiwa na akili zangu zote. Alifariki siku ya nne. Msalaba mpya umeshachongwa na uko nyumbani kwangu, umeegemea ukuta. Haujapandwa. Tunamngoja mama yake.

Sababu ya safari: mtoto aliuliza mama yake atakuja lini, mimi nikamwambia kesho.

Ninathibitisha kwamba yote niliyoandika hapa ni ya kweli.

Virginie Lusenge

Shahidi: Jemima Sikuli, binti wa Virginie, miaka kumi na saba, niko hai.